Marehemu Belaid Ait Bihi na Nyumba za Udongo za Tamsult

Wasifu huu unasomwa leo Ijumaa, tarehe 28 Februari 2025, katika kisomo cha arobaini, hapa kwenye uwanja wa kupuria wa Tamsult, kwa sababu msikiti mpya bado haujaezekwa. Anayeusoma ni Rqiya, mwalimu, binti wa dada yake marehemu. Wazee wawili walisema haifai mwanamke asome mbele ya wanaume. Waliombwa wausome wao, wakasema miwani imebaki nyumbani. Basi atausoma Rqiya, na sauti yake ikikwama mahali, tafadhalini mvumilieni. Karatasi mnazo mikononi, endeleeni wenyewe.

Belaid Ait Bihi alizaliwa mwezi wa Mei mwaka 1957, wakati wa kuvuna shayiri, katika nyumba ya Ait Bihi iliyokuwa juu kabisa ya kijiji. Alikuwa mtoto wa tatu wa fundi Bihi na mkewe Ijja, na wa kwanza kuishi. Miaka minne baadaye alizaliwa Fadma, na baada ya hapo hawakuzaliwa wengine. Baba yao ndiye aliyejenga nusu ya nyumba za bonde hili. Alikuwa akifunga sanduku la mbao juu ya msingi wa mawe, vibarua wanamwaga udongo wenye unyevu, wanaushindilia kwa michi huku wakiimba, kisha sanduku linafunguliwa, linasogezwa mbele, na kazi inaanza upya. Watoto walitiwa ndani ya sanduku ili wakanyage pembe ambazo mchi haufiki. Belaid aliingia humo akiwa na miaka mitano, na ndimo maswali yake yalimoanzia. Kwa nini ukuta ni mnene chini na mwembamba juu? Kwa nini gogo la mti wa mreteni linalazwa ndani ya ukuta, mahali ambapo hakuna atakayeliona?

"Belaid," baba yake alimwambia siku moja mbele ya vibarua wote, "mimi nimeajiri miguu. Mdomo sikuuajiri. Kanyaga!"

Vibarua waliigeuza kauli hiyo wimbo wa kushindilia. Mpaka marehemu anastaafu, walikuwepo wazee wa bonde hili waliokuwa wakimsalimu njiani kwa jina hilo: "Mdomo Haukuajiriwa, hujambo?" Naye alikuwa akiwajibu kwa swali.

Alisoma kwanza kwa fakihi wa msikiti, kisha shule ya msingi ilipofunguliwa bondeni mwaka 1964 akawa miongoni mwa wanafunzi wake wa mwanzo. Mwaka 1970 alikwenda kulala bweni mjini Taroudant. Huko mwalimu wa kuchora, mgeni aliyetoka Ufaransa, aliwaambia watoto wachore nyumba. Belaid alichora aliyoijua: ndefu, haina dirisha chini, juu bapa, mahindi yameanikwa juu yake, na ng'ombe yumo ndani kwenye zizi, kwa kuwa ni usiku na ng'ombe hulala humo. Mwalimu akamuuliza nyumba iko wapi, yeye anaona sanduku tu. Alipewa sifuri. Likizo ilipofika alimsimulia mama yake kwa machozi, na bibi yetu Ijja, ambaye hakuwa mtu wa kubembeleza, akamwambia, "Mwambie mwalimu wako aje alale humu Januari usiku mmoja, halafu na mimi nimpe maksi."

Alihitimu ualimu wa jiografia huko Marrakech mwaka 1980, akafundisha Taroudant miaka thelathini na saba. Wanafunzi wake wengi wako hapa. Watakumbuka kwamba ramani ya dunia aliimaliza kwa mwezi mmoja, na muda wote uliobaki aliutumia kuwauliza nyumba za bibi zao zilielekea wapi na maji ya mvua yalitokea upande gani.

Kazi iliyomkaa moyoni aliianza kiangazi cha mwaka 1986. Wanaume wetu walikuwa Casablanca na Ufaransa, pesa zilikuwa zikirudi, na kila pesa iliyorudi ilibomoa nyumba ya udongo na kusimamisha ya saruji. Belaid aliamua kuzichora zote kabla hazijaisha. Alidhani ingekuwa kazi ya miaka mitano. Alikwenda kijiji kwa kijiji na nyumbu wa kuazima, na mlango wa kwanza tu akakwama. Mwanamume wa nje haingii vyumba vya ndani vya watu. Angeweza kuchora ukuta wa mbele na zizi na chumba cha wageni, akaambulia nusu ya nyumba. Jiko, ghala, chumba cha kufumia, pale penye uhai wenyewe wa nyumba, angeishia kupasikia tu.

Hapo ndipo alipomchukua Fadma. Kutembea na kaka yake hakukuwa na ubaya wowote, na mumewe Abella, aliyekuwa na duka dogo Casablanca, alitoa ruhusa akicheka. Fadma aliingia ndani na binti yake mgongoni, ambaye ndiye huyu anayesoma. Hakujua kusoma namba za utepe, kwa hiyo alipima kwa uzi wa sufi kutoka kwenye kitanda cha kufumia: anaunyoosha ukutani, anapiga fundo. Fundo moja ni dirisha, mawili ni mlango, matatu ni mahali ambapo mama wa nyumba anaficha sukari ili mama mkwe asiione. Jioni kaka na dada walikuwa wakizinyoosha nyuzi hizo uwanjani, kaka anapima, dada anaeleza, na mara nyingi wanagombana.

"Hiki chumba hakina pembe nne, Fadma. Mistari haikutani."

"Na wewe una uso usio sawa, mbona mama hakukurudisha?"

Wanawake walimpenda na walimcheka. Mmoja wa kijiji cha ng'ambo ya mto alimuuliza Fadma, "Huyu kaka yako anaipima nyumba yangu ya nini? Anataka kuishonea kanzu?" Fadma akamjibu, "Anaiposa." Kicheko cha siku ile kilisikika mpaka kwa wanaume, na Belaid, aliyekuwa nje na kalamu zake, aliona haya mpaka masikio.

Kwa njia hiyo walizipima nyumba mia tatu na ushee katika muda wa miaka thelathini. Lakini ukweli lazima usemwe, na marehemu mwenyewe aliusema: michoro haikuokoa hata nyumba moja. Mara nyingi alichora mwezi wa Julai, akarudi mwaka uliofuata na zawadi ya nakala, akakuta nondo zinachomoza angani na mwenye nyumba anamwonyesha vigae vya choo kwa fahari. Ikaanza kusemwa vijijini kwamba utepe wake una mkosi. "Belaid akishakupimia, nyumba imekwisha." Watu walisema kwa utani, yeye akaupokea kwa utani, ila usiku alimwambia mkewe kwamba anajiona kama mwosha maiti anayebisha hodi mapema mno.

Mke huyo ni Bi Zahra, binti wa fundi viatu wa Taroudant, ambaye marehemu alimuoa mwezi wa Agosti mwaka 1988. Usiku wa kwanza katika nyumba ya Ait Bihi, nge alianguka kutoka darini akatua juu ya shuka. Bi Zahra alisema, "Ama yeye ama mimi." Bwana harusi, badala ya kutafuta kiatu, alisema, "Yeye alitangulia." Fadma ndiye aliyeingia akamuua nge, na Bi Zahra hakumsemesha mumewe kwa juma zima. Walijaliwa watoto wawili, Idir na Tilila. Idir ana biashara ya matofali na saruji huko Agadir, na baba yake alipenda kumtambulisha kwa wageni kwa kusema, "Huyu ni mwanangu wa kumzaa na adui yangu wa kumsomesha." Walipendana sana.

Sasa inafika sehemu ambayo wengine mliomba iachwe. Marehemu hakuiacha hata siku moja maishani mwake baada ya kutokea, kwa hiyo na sisi hatuwezi kuiacha.

Mwaka 2021 Abella aliuza duka lake na kurudi nyumbani moja kwa moja, kwenye nyumba ya Ait Bihi, ambamo Fadma alikuwa amebaki akiishi baada ya wazazi. Alitaka jambo moja tu, kuibomoa na kumjengea mke wake nyumba ya saruji yenye bomba ndani. Mifuko ya saruji ikapandishwa na nyumbu na kujazwa kwenye zizi. Habari zilifika Taroudant, na Belaid alipanda siku iyo hiyo. Wakati huo nyumba ya Ait Bihi ndiyo ya udongo pekee iliyokuwa imebaki katika kijiji chote, ukiacha ghala la ukoo wa Ait Ali ambalo halikuwa na dari. Mazungumzo yalifanyika jikoni na Rqiya alikuwepo, anakatakata vitunguu.

"Dada, hii ndiyo ya mwisho," Belaid alisema.

"Ya mwisho kwako, unayekuja Jumapili," Fadma alimwambia. "Mimi ndiye ninayeifagia. Mimi ndiye ninayepanda ngazi na ndoo na magoti haya. Nataka bomba, Belaid. Nataka choo ambacho sikiendei na koti."

"Nipe miaka miwili. Niichore yote, kuanzia msingi, vizuri, si kwa haraka kama zile nyingine. Ikishamalizika ibomoe, na nyundo ya kwanza nitaipiga mimi."

"Saruji haimsubiri mtu, shemeji," Abella akasema. "Inaganda."

"Nitakununulia nyingine."

"Kwa mshahara gani wa ustaafu?"

Fadma alicheka, akafuta mikono. "Huyu tangu mtoto ukimnyima kitu anakaa mlangoni mpaka aonewe huruma. Mpe, Abella. Miaka miwili itakuwa nini?"

Abella akampa. Saruji iliganda ndani ya mifuko, ikawa mawe.

Ninyi nyote mnajua ilivyokuwa desturi yetu mwishoni mwa Agosti. Kabla ya mvua ya kwanza watu walikwenda nyumba kwa nyumba kwa ujima: wanaume wanashindilia udongo wa juu ya dari na kukagua magogo ya mreteni ndani ya kuta, wanawake wanakandika kwa udongo na makapi, kila ufa unazibwa, halafu mwenye nyumba anapika. Nyumba ya udongo haiishi bila mkono wa kila mwaka. Belaid aliliandika hilo mwenyewe, na kuwafundisha watoto wa watu.

Agosti ya mwaka 2023 palikuwa na ufa katika ukuta wa kaskazini, kutoka darini mpaka usawa wa jiko. Udongo ulikuwa umekwisha kulowekwa. Hmad, mtoto wa mwisho wa Fadma, alikuwa amekwisha kupanda ngazi na ndoo ya kwanza. Belaid alifika, akasogeza uso kwenye ufa, na akapiga kelele ya furaha. Mle ndani zilionekana tabaka za kukandika moja juu ya nyingine, nyekundu, ya kijivu, nyeupe ya chokaa, mkono wa babu yake juu ya mkono wa baba wa babu yake. Miaka yote ile alikuwa hajawahi kuona ukuta ukijifunua hivyo.

"Shuka, Hmad. Usiuguse! Usiuguse mpaka niuchore."

"Mjomba, udongo utakauka."

"Kakandikeni zizi. Huu niachieni wiki tatu tu."

Fadma alisimama akiwa na matope mpaka kwenye viwiko, akamtazama kaka yake, halafu akautazama ukuta. "Wiki tatu, Belaid. Mvua ikinikuta na tundu hili nitaliziba kwa kukutia wewe." Basi wakakandika zizi. Belaid alikaa pale siku nyingi akiuchora ule ufa, unywele kwa unywele, kisha akashuka Taroudant kununua wino wa rangi.

Ijumaa usiku, tarehe 8 Septemba, ardhi ilitikisika. Ukuta wa kaskazini uliondoka kwanza na kuvuta dari. Fadma na Hmad walikuwa wamelala jikoni upande ule. Fadma alikuwa na miaka sitini na miwili, Hmad kumi na tisa. Abella alikuwa hapa hapa tulipoketi, akilinda lozi zilizoanikwa. Zizi lilibaki limesimama, na mifuko ya saruji iliyoganda imo ndani.

Barabara ilikuwa imezibwa na mawe, kwa hiyo Belaid alipanda kwa miguu, akafika kesho yake alasiri. Watu walikuwa wakifukua kwa mikono na masufuria. Abella aliinua kichwa akamwona shemeji yake amesimama na begi lake begani.

"Umekuja kupima?" akamuuliza.

Belaid alilivua begi akaanza kufukua. Hawakusemezana tena. Hmad alitolewa jioni, Fadma asubuhi iliyofuata, na aliyemfikia Fadma alikuwa kaka yake.

Siku ya tatu, baada ya dua, marehemu alisimama mbele ya watu wote akasema kwamba ukuta ule ulipaswa kuzibwa na kwamba yeye ndiye aliyezuia. Hakuna aliyemlazimisha. Baadaye alikuja mhandisi wa serikali, kijana mwenye adabu, akatazama magofu akasema kwa mtikisiko wa namna ile ufa ule haukubadilisha kitu, nyumba ingeanguka tu hata ikiwa imekandikwa jana yake. Watu walidhani maneno hayo yatampumzisha. Abella alimuuliza mhandisi, "Kama haukuwa na maana, yeye aliuchora wa nini?" Belaid aliitikia kwa kichwa, kama mtu aliyesomewa hukumu na kuiona ni ya haki.

Hakuchora tena. Bi Zahra alimsihi arudi mjini, akakataa, akapiga hema lake upande wa chini wa makaburi. Michoro yote aliitoa kwa jumuiya ya kijiji, na ipo kwenye ofisi yake ya mabati, imewekwa juu ya meza ili isilowe. Wageni walifika kutoka mbali kuitazama. Mmoja wao aliuinua mchoro wa ule ukuta wa kaskazini, akasema kwa nia njema kabisa kwamba ndiyo kazi iliyo bora kuliko zote. Marehemu alitoka nje, na hakurudi mpaka mgeni alipoondoka.

Kulikuwa pia na wanawake wa vijiji vya jirani. Walisikia kwamba nyumba zao zimo kwenye yale makaratasi, wakaja kuomba waonyeshwe. Aliwaonyesha wote. Yule mama wa ng'ambo ya mto, wa kanzu, alikuja naye. Alikuwa amepoteza mume na wajukuu usiku ule. Alipewa karatasi yenye jiko lake, meko, rafu, hata yale mafundo matatu ya sukari. Aliitazama muda mrefu.

"Umeiweka vizuri, mwanangu," akasema. "Sasa hii nitaipikia nini?"

Kila Ijumaa baada ya sala Belaid alikwenda kwenye hema la Abella na bonge la sukari, lile la umbo la pia lililofungwa karatasi ya buluu, kama ilivyo desturi yetu mtu anapotaka suluhu. Kila mmoja wenu anajua maana yake: anayelipokea na kulivunja kwa ajili ya chai amesamehe. Belaid alikuwa akisimama mlangoni, anatoa salamu, anasubiri. Abella hakumjibu salamu hata mara moja, naye si mtu asiye na dini. Belaid aliliweka bonge chini akaondoka. Abella hakulitupa na hakulivunja. Mabonge yote aliyapanga nyuma ya godoro lake, Ijumaa baada ya Ijumaa, mpaka hema lilivuja na mengine yakaanza kunata. Rqiya alimwomba baba yake angalau aitikie salamu. "Nikiitikia," alimjibu, "nitamwuliza habari za nyumbani. Na nyumbani hakuna."

Kikohozi kilimwanza marehemu tangu zile siku za kufukua, akakipuuza. Novemba mwaka jana alishindwa kupanda mteremko wa msikitini. Januari Idir alikuja na gari akampeleka hospitali mjini, na madaktari walisema mapafu yamekwisha. Hakuwa na ugomvi na madaktari wala na kifo. Alikuwa na haja moja tu, na aliitaja kila alipopata pumzi: anywe chai ya sukari ya Abella.

Tarehe 18 Januari, Jumamosi, Rqiya alipanda Tamsult na chupa tupu ya kubebea chai. Alimkuta baba yake, akamwambia yote. Mzee Abella alivuta bonge moja, akalivua karatasi, akaliweka juu ya magoti, akashika nyundo ndogo ya shaba ya mama. Aliinua mkono. Chai ilikuwa imekwisha kuchemka, mvuke unatoka. Akakaa hivyo mpaka chai ikaacha kutoa mvuke, kisha akaushusha mkono, akalifunga bonge katika karatasi yake, pole pole, akilinganisha mikunjo.

"Siwezi, mwanangu. Nimejaribu, umeniona. Hmad ananitazama."

Rqiya aliteremka na chupa tupu. Marehemu alimwona mlangoni na hakuuliza. Alimwambia, "Usimlaumu. Mimi pia nisingelivunja." Alifariki kesho yake, Jumapili tarehe 19 Januari 2025, alfajiri, akiwa na miaka sitini na saba. Alizikwa Tamsult tarehe 20, kando ya dada yake. Imamu alipouliza kama yupo anayemdai marehemu, watu wakaitikia kwamba wamemsamehe, wamemsamehe. Mzee Abella alikuwepo. Alikuwa amelibeba jeneza upande wa mbele kutoka barabarani mpaka kaburini, hakukubali kupokewa. Hapo alinyamaza.

Wengi wamesema katika siku hizi arobaini kwamba kazi ya Belaid itabaki. Huenda ikabaki. Rqiya anafundisha watoto katika darasa la matofali ya saruji, lina joto la tanuri kiangazi na baridi ya kuua Januari, na hana mtoto hata mmoja ambaye amewahi kukanyaga udongo ndani ya sanduku. Watoto wakiona michoro wanauliza ni ya nchi gani. Anawaambia ni ya hapa, wanacheka. Hajui kazi hiyo imebaki kwa ajili ya nani, na hatawadanganya siku kama ya leo.

Marehemu ameacha mjane, Bi Zahra; watoto wawili, Idir na Tilila; na wajukuu watatu. Ameacha shemeji, Mzee Abella, ambaye alipoulizwa kama jina lake liandikwe katika orodha hii alisema liandikwe, na liandikwe pamoja na neno kwamba bado hajamsamehe, ili mtu asije akasoma jina akadhani vingine. Ameacha mpwa, Rqiya, binti ya Fadma na dada ya Hmad, aliyempenda kuliko watu wote waliobaki, na ambaye mpaka karatasi hizi zinakwenda kuchapwa hakuweza kuandika mbele ya jina lake neno lolote, la kusamehe wala la kutosamehe.

Mola amlaze Belaid pema, na aufanye udongo uwe mwepesi juu yake, kwa maana juu ya dada yake haukuwa mwepesi.